WILAYA ILIYOGEUZA KURA BAADA YA MIAKA 132

Wahenga walinena: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo twaijua sana majumbani mwetu. Mgeni aliyeshiba kwetu mwaka jana, akija mwaka huu akakuta chungu kitupu, hatakwenda akisimulia shibe ya mwaka jana, bali atasimulia njaa ya leo. Wanasiasa wengi huisahau methali hiyo, na kusahau kwao huwagharimu. Katika makala haya napenda kuwaeleza wasomaji, yaani askari, polisi na jamaa zao, namna methali hiyo ilivyotimia katika wilaya moja ya mashambani iliyo mpakani mwa Marekani na Meksiko.

Siku ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, wananchi wa Marekani walipiga kura ili kumchagua Rais. Walio wengi duniani waliyatazama yale majimbo yaliyogombaniwa sana. Lakini wachunguzi wa mambo ya uchaguzi waliitupia jicho pia wilaya ndogo iitwayo Starr, katika jimbo la Texas. Huko Donald Trump, mgombea wa chama cha Republican, alipata kiasi cha asilimia 58 ya kura, na Kamala Harris wa chama cha Democratic akapata kiasi cha asilimia 42.

Ushindi wa namna hiyo si kitu cha ajabu katika Texas. Cha ajabu ni kwamba mara ya mwisho kwa wilaya hiyo kumpa mgombea wa Republican kura nyingi kuliko mwenzake ilikuwa mwaka 1892, mgombea huyo akiwa Benjamin Harrison. Toa 1892 katika 2024, nawe utapata miaka 132. Hakuna wilaya nyingine katika Marekani yote iliyokuwa imedumu na chama cha Democratic kwa muda mrefu namna hiyo bila kukatisha. Hata mwaka 1972, Richard Nixon aliponyakua majimbo 49 kati ya 50, na mwaka 1984, Ronald Reagan alipofanya vivyo hivyo, Starr haikutikisika.

Basi ni kitu gani kilichoung'oa mti wenye mizizi mirefu namna hiyo?

WILAYA YENYEWE NA WATU WAKE

Kwanza yatupasa kuifahamu nchi yenyewe. Jimbo la Texas limegawanywa katika wilaya 254. Starr iko kusini kabisa, ukingoni mwa mto Rio Grande ambao ndio mpaka. Makao makuu yake ni mji uitwao Rio Grande City, na mji mwingine unaojulikana ni Roma. Mtu akisimama Roma aweza kuziona kwa macho yake nyumba za upande wa Meksiko, ng'ambo ya mto. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wilaya ina watu karibu 66,000, na katika kila watu 100 kiasi cha 96 au 97 ni wa asili ya Kihispania, walio wengi sana wakiwa wa asili ya Meksiko. Kihispania ndicho lugha ya jikoni, ya sokoni na ya kanisani.

Msomaji asidhani ya kuwa watu hao wote ni wahamiaji wa jana. Mji wa Camargo, ulio ng'ambo ya mto, ulianzishwa mwaka 1749 wakati wa utawala wa Wahispania, na jamaa nyingi za Starr hufuatisha nasaba zao mpaka siku hizo. Mwaka 1848, baada ya vita kati ya Marekani na Meksiko, mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliufanya mto huo kuwa mpaka. Waliokuwa ukingo wa kaskazini wakaamka wamo katika nchi nyingine. Ndiyo maana wenyeji husema kwamba wao hawakuuvuka mpaka, bali mpaka ndio uliowavuka wao. Sisi tunaoishi katika nchi zenye mipaka iliyochorwa na wengine hatuhitaji mkalimani wa kutufasiria usemi huo.

Kazi za wilaya ni kilimo cha matikiti, vitunguu na mboga, ufugaji wa ng'ombe, visima vya mafuta na gesi, shule, hospitali, na kazi za ulinzi wa mpaka. Mapato ni haba. Kwa miaka mingi Starr imehesabiwa miongoni mwa wilaya zilizo maskini sana katika nchi ile tajiri.

KWA NINI WALISHIKAMANA NA CHAMA KIMOJA

Uaminifu wa wilaya hii kwa chama cha Democratic haukuota kama uyoga. Ulikuwa na sababu, nyingine za aibu na nyingine za heshima.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, siasa za kusini mwa Texas zilikuwa mikononi mwa mabwana wachache wenye mashamba na maduka. Katika Starr aliyetamba alikuwa Manuel Guerra, mfanyabiashara na mkuu wa chama cha Democratic. Mabwana hao waliwapa watu kazi, wakawakopesha unga, wakawasaidia kwenye misiba, na siku ya uchaguzi ikifika wakadai malipo yao kwa kura. Baada ya mwaka 1902 Texas ilitoza kodi ya kichwa ya namna yake: asiyeilipa hakuruhusiwa kupiga kura. Ilikuwa zaidi kidogo ya dola moja na nusu, fedha nyingi kwa kibarua wa siku zile. Mara nyingi bwana alimlipia kibarua, na aliyelipiwa alijua vema kura yake yatakiwa iangukie wapi. Kodi hiyo iliondolewa katika chaguzi za Rais mwaka 1964, na katika chaguzi zilizosalia mwaka 1966.

Lakini zilikuwako na sababu za heshima. Hapa nataka askari wetu wasikilize kwa makini. Katika vita kuu ya pili, vijana wengi wa asili ya Meksiko walipigana katika jeshi la Marekani. Mmoja wao, Felix Longoria wa mji wa Three Rivers, ulio kaskazini ya Starr, aliuawa katika visiwa vya Filipino mwaka 1945. Mwili wake uliporudishwa mwaka 1949, mwenye nyumba ya mazishi ya mji huo alikataa jeneza lisiwekwe katika ukumbi wake, kwa kuwa marehemu alikuwa wa asili ya Meksiko na wazungu wasingependa. Askari alikufa kwa ajili ya bendera, na bendera ikakosa mahali pa kumlaza.

Mjane wake alipewa msaada na daktari Hector García, ambaye naye alikuwa amepigana vita hivyo, na ambaye mwaka 1948 alikuwa ameanzisha chama cha kuwatetea askari waliorudi, kiitwacho American GI Forum. Daktari alimpelekea habari seneta mpya wa Texas, Lyndon Johnson wa chama cha Democratic. Johnson akafanya mpango, na tarehe 16 Februari 1949 Longoria akazikwa kwa heshima zote katika makaburi ya mashujaa ya Arlington, karibu na mji mkuu wa Marekani. Habari hiyo ilisimuliwa nyumba hata nyumba kusini mwa Texas, na jina la Johnson likasimuliwa pamoja nayo.

Tena Johnson alikuwa amepata kuwa mwalimu. Mwaka 1928 alifundisha watoto wa Kimeksiko katika mji mdogo wa Cotulla, watoto waliofika shuleni na njaa. Nami niliyepitia chuo cha ualimu najua kwamba mwalimu huwasahau wakaguzi wote, lakini mtoto aliyesinzia darasani kwa njaa hamsahau. Johnson alipokuwa Rais, mwaka 1965, aliwataja watoto hao mbele ya Baraza la Kongresi alipokuwa akiomba sheria ya kulinda haki ya kupiga kura. Sheria ikapita mwaka huo huo. Wazee wa Starr hawakuihitaji hotuba nyingine.

Hata hivyo, chama hicho hakikuwa mama mwema siku zote. Mwezi wa Juni 1966 wachumaji wa matikiti wa Starr waligoma, wakitaka walipwe dola moja na robo kwa saa. Kwa siku nyingi za jua kali walitembea kwa miguu hata mji mkuu wa jimbo, Austin, mwendo wa mamia ya maili. Gavana John Connally, wa chama hicho hicho cha Democratic, aliwakuta njiani akawaambia kwamba hatawaunga mkono. Polisi wa jimbo wakatumwa kuuvunja mgomo, na ukavunjika. Mwaka 1974, katika kesi iliyotokana na mgomo huo, Mahakama Kuu ya Marekani iliunga mkono kwa sehemu kubwa amri ya kuwakataza polisi wasiwatishe wafanyakazi waliokuwa wakidai haki zao kwa amani. Kura za Starr zilibaki mahali pake, lakini kovu nalo lilibaki.

HESABU YA KURA

Sasa na tuifanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka 2012 Barack Obama alipata katika Starr kiasi cha asilimia 86. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kiasi cha asilimia 79, na Trump 19 tu. Mwaka 2020 Joe Biden alipata 52, na Trump akapanda hata 47. Mwaka 2024, kama tulivyokwisha kusema, Trump alipata 58. Katika muda wa miaka minane tu, mlima uligeuka kuwa bonde.

Lakini asilimia peke yake huficha jambo. Tazama idadi ya kura zenyewe. Mwaka 2016 Clinton alipata kura 9,300 hivi, na mwaka 2020 Biden akapata 9,100 hivi. Tofauti ni ndogo. Kumbe chama cha Democratic hakikupoteza kura nyingi mwaka ule! Upande wa pili ndio uliofurika: Trump alitoka kura 2,200 hivi akafika 8,200 hivi. Kura ni siri, kwa hiyo hakuna awezaye kusema fulani alihama na fulani alibaki. Ila hesabu yatuonyesha kwamba maelfu ya watu ambao mwaka 2016 walikaa nyumbani walijitokeza mwaka 2020, na walio wengi katika hao hawakuelekea kule walikoelekea babu zao.

Mwaka 2024 ndipo ngome yenyewe ilipomomoka. Kura za Democratic zilipungua hata 6,900 hivi, na za Trump zikafika 9,500 hivi. Kwa hiyo mabadiliko yalikuja kwa hatua mbili: kwanza waliokuwa wamesahauliwa waliamka, na baadaye waliokuwa wakitegemewa wakachoka.

Starr haikuwa peke yake. Wilaya jirani ya Zapata ilitangulia kugeuka mwaka 2020, na mwaka 2024 wilaya nyingine kadhaa za mpakani zikafuata. Ikumbukwe pia kwamba kura za Starr hazikuamua lolote katika matokeo ya nchi. Katika Marekani Rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, ambazo jumla yake ni 538. Mgombea ashindaye Texas huzichukua kura zote 40 za jimbo hilo, na Trump alishinda Texas kwa zaidi ya kura milioni moja. Kura elfu chache za Starr ni tone katika mtungi. Lakini tone huweza kumjulisha mama kama maji yameingia chumvi.

SABABU ZA MABADILIKO

Sababu ya kwanza ni chungu cha nyumbani. Mwezi wa Juni 2022 bei za vitu katika Marekani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 kuliko mwaka uliotangulia. Mwenye mshahara mkubwa hununua kama kawaida na kunung'unika. Mwenye mshahara mdogo hupunguza mayai, hupunguza nyama, kisha hupunguza petroli ya kumpeleka kazini. Wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020, kila mtu mzima mwenye kipato cha kawaida alipewa dola 1,200, na hundi zilizopelekwa kwa posta zilikuwa na jina la Trump. Mwaka 2021 serikali ya Biden nayo ilitoa dola 1,400, tena kwa miezi sita ikawapa wazazi dola 250 au 300 kwa kila mtoto kila mwezi. Lakini msaada huo wa watoto ulikoma Desemba 2021, bei zikazidi kupanda. Mama aliyezoea fedha hiyo hakusoma vitabu vya uchumi. Aliona mfuko umepungua na duka limepandisha bei.

Sababu ya pili ni kazi za mafuta. Wanaume wengi wa Starr husafiri mbali kwenda kufanya kazi katika visima vya Texas, wakilala huko majuma kadhaa ili kupeleka fedha nyumbani. Katika mjadala wa Oktoba 2020 Biden alisema kwamba atataka nchi iachane polepole na mafuta. Mjini maneno hayo yalisikika kama habari ya kutunza hewa. Katika Starr yalisikika kama barua ya kufukuzwa kazi.

Sababu ya tatu yawahusu watu wa kazi yetu. Takriban nusu ya askari wa doria ya mpaka wa Marekani ni wenye asili ya Kilatini. Katika wilaya maskini, kazi ya askari wa mpaka, au polisi, au mlinzi wa gereza, ni mshahara wa uhakika, bima ya matibabu na malipo ya uzeeni. Kijana aipatapo hujenga nyumba na kuwasomesha ndugu zake. Idadi ya waliovuka mpaka ilipozidi sana baada ya mwaka 2021, ni askari hao waliokesha. Gavana wa Texas aliongeza polisi na askari wa jimbo mpakani kuanzia Machi 2021. Wanasiasa wa mbali walipozungumza habari za polisi kwa lugha ya kuwalaumu wote, jamaa za askari wa Starr walijiona wanatajwa wao. Na serikali ya Biden ilipoamua Oktoba 2023 kujenga kipande cha ukuta humo humo wilayani, wapenda ukuta waliona umechelewa, na wasiopenda ukuta wakaona wamesalitiwa.

Sababu ya nne ni desturi za nyumbani. Watu wa Starr ni watu wa kanisa, wa jamaa kubwa, na wengi hupenda uwindaji na bunduki zao. Katika mambo ya utoaji mimba na malezi, wengi wao walikuwa karibu na Republican tangu zamani, ijapokuwa mikono yao iliendelea kuweka alama kwa Democratic.

Sababu ya tano ndiyo iliyozifungulia njia zote hizo: kutotembelewa. Kwa miaka mingi kura ya Rais katika Starr ilihesabiwa kuwa imekwisha kupatikana, na mashindano ya maana yalikuwa ya viti vya wilaya, ndani ya chama kimoja. Wagombea wa Rais hawakuwa na haja ya kufika. Mwaka 2020, kwa sababu ya Korona, kampeni ya Democratic kwa muda mrefu haikupeleka watu kubisha hodi, na wenzao wa Republican waliendelea kubisha. Baadaye Republican walifungua vituo vya watu wa asili ya Kihispania katika miji ya Laredo na McAllen. Aliyebisha hodi alifunguliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NDANI YA NYUMBA MOJA

Mabadiliko ya namna hii huanzia mezani. Tuchukue mfano tu wa nyumba ya aina inayopatikana huko. Bibi amezaliwa kabla ya mgomo wa matikiti, na katika chumba chake kuna picha ya Bikira Maria na picha ya Rais John Kennedy. Mwanawe yuko kwenye visima vya mafuta. Mjukuu wa kiume amevaa sare ya askari wa mpaka. Mjukuu wa kike ni muuguzi, na mumewe ana mama ambaye bado hana karatasi za kuishi nchini.

Bibi asema, "Mwanangu, chama hiki ndicho kilichotupa haki ya kura." Mjukuu amjibu kwa adabu, "Nashukuru, bibi, lakini leo kinatupa nini?" Na yule mjukuu wa kike amenyamaza, kwa kuwa anajua kwamba sheria ambayo kaka yake ataapa kuitimiza huenda ikabisha hodi kwa mama mkwe wake. Hakuna mpumbavu katika nyumba hiyo. Kila mmoja anapiga kura kwa jambo lililo karibu na moyo wake, na wote watakula sahani moja Jumapili.

Wala jambo hili halijaisha. Watu wanne katika kila kumi hawakumchagua Trump. Mbunge wao wa Democratic, Henry Cuellar, alirudishwa bungeni mwaka huo huo wa 2024, ijapokuwa Trump alishinda katika jimbo lake la uchaguzi. Katika eneo jirani, Mayra Flores wa Republican alishinda kiti cha bunge Juni 2022, akakipoteza Novemba ya mwaka ule ule. Tangu Januari 2025 serikali mpya ya Trump imezidisha misako ya wahamiaji, na bei za dukani zinaendelea kupimwa kila jioni jikoni. Waliogeuka mara moja wamejifunza kwamba waweza kugeuka tena.

FUNZO KWETU

Ndugu wasomaji, sikuandika haya ili kusifu chama hiki wala kukilaumu kile. Hayo ni ya Wamarekani wenyewe. Nimeyaandika kwa sababu yana mafunzo mawili ya kweli.

La kwanza ni kwamba uaminifu wa wananchi haurithiwi kama shamba. Babu aliweza kumpa mjukuu wake jina, na dini, na hadithi ya askari aliyenyimwa mahali pa kulazwa. Hakuweza kumpa shukrani isiyokwisha. Anayetaka kutumikia wananchi hana budi kubisha hodi kila msimu, hata katika nyumba ambayo jana alipewa kiti cha mbele.

La pili latuhusu sisi wa majumbani. Nyumba ile ya mfano ina kura tatu zinazopingana na chungu kimoja. Wengine katika dunia hii wamefikia kuchomana visu kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Askari arudiye nyumbani akiwa amevaa sare, na ndugu yake asiyeipenda sare hiyo, waweza kubaki ndugu, mradi kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka mwisho wa maneno yake. Bibi wa Starr haondoi picha yake ukutani, na mjukuu haiondoi sare yake; ila kabla ya kwenda zamu huinama akaomba baraka, naye bibi humwekea mkono kichwani.